Hirizi ya Athumani

Likoni, Jumatatu usiku

Mwingine angemwambia. Mimi nimeshindwa.

Bi. Zuhura huuza viazi karai pale ufuoni ninaposaka pete na heleni zilizopotea mchangani kwa mashine yangu ya kutambua metali. Mwanawe Athumani alizama siku ya Idd, na maiti haijaonekana. Mama hataki matanga. Anasema alimfunga hirizi ya fedha mkononi yeye mwenyewe, na bahari haimchukui aliyeivaa. Yuko mahali, wavuvi wamemwokoa.

Mashine yangu mbovu hulia kwa kila kizibo. Leo ndiyo imeona iseme kweli, mchangani pakavu, chini ya mti wa mvinje ambapo vijana huacha nguo wakienda kuogelea. Nikachimba, nikaiona hirizi. Uzi haukukatika. Fundo lilifunguliwa taratibu, kwa vidole. Aliivua mwenyewe. Pengine aliwaonea haya wenzake, wallahi sijui.

Sijasimama, Bi. Zuhura ameshafika, mikono ina unga wa dengu.

“Imelilia nini, mwanangu?”

Nikaifumbata. “Kizibo cha soda, mama.”

Akashusha pumzi. “Alhamdulillahi. Basi bado anayo mkononi.”