Mkanda wa Mbwa wa Mzee Machage

Nathan, wamemuua mbwa wa Mzee Machage! Wamempiga marungu mbele yake mpaka kichwa kikapasuka!

Majirani walilalamika kwamba anauma watoto, ndipo mtendaji wa kijiji akaja na mgambo kuua kila mbwa asiye na mkanda wa chanjo. Huyu alichanjwa, kaka! Ila mkanda wake mzee alimvisha ndama, eti ng'ombe ndiye mali.

"Mkanda ule pale!" mzee akapiga kelele.

Mtendaji akacheka: "Basi ndama wako abweke."

Abweke! Anamwambia mzee hivyo, damu ya mbwa ikiwa miguuni pake!

Mzee akamwangusha, panga kooni. Mgambo wakatimua mbio. Akamwagiza mkewe amvue ndama mkanda, akamfunga mtendaji ule mkanda shingoni, akaukaza.

"Bweka wewe."

Nathan, alibweka.