Ufunguo wa Choo Alikuwa Nao Rafiki Yako

La Rochelle, Johannesburg
Jumapili mchana

Kaka Salehe,

Assalamu alaikum. Nakupa salamu kwa kuwa ni haki yako kwangu, usidhani hasira zimeniisha. Mama anaendeleaje na miguu? Presha yake je, imeshuka? Wifi Zainabu keshajifungua? Kama ni mtoto wa kike msimpe jina langu, kwa sasa linasemwa vibaya vya kutosha.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Jumatano ulinipigia nikiwa kwenye foleni ya teksi Midrand, ukaweka sauti kubwa ili mama naye asikie, ukaniambia nimemvunjia heshima Shabani, mtu uliyesoma naye, aliyenipokea huku na kunitafutia kazi. Ukaniamuru nimwombe radhi kabla ya Ijumaa. Nilipofungua mdomo ukakata. Ijumaa imepita na sijamwomba. Sasa keti usome sababu.

Kazi yetu unaijua kwa jina tu. Ni kiwanda cha kufua shuka na taulo za mahoteli. Mimi niko kwenye rola, mashine pana ya moto inayonyoosha shuka. Wawili mnaingiza shuka mbele, wawili mnaipokea nyuma ikiwa inafuka. Mabomba ya mvuke yanapita juu ya vichwa vyetu. Saa nne asubuhi nguo ya ndani imeshalowa jasho, na huko nje majira ya baridi watu wamevaa makoti. Mwenzangu kwenye rola alikuwa Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, mlokole, mcheshi. Ndiye aliyenifundisha kushika pembe za shuka nisiungue. Msimamizi wetu alikuwa Shabani wako.

Mwaka jana wanawake wa rola tulianza kuugua. Mkojo unachoma, mgongo unauma huku chini, kichwa kinazunguka. Tulikwenda zahanati kila mmoja kwa wakati wake, tukarudi na jibu lile lile: mkojo mchafu, meza vidonge, kunywa maji mengi. Tukameza. Baada ya mwezi tukaumwa tena. Wewe nilikwambia wakati ule, Kaka. Ulinijibu kwamba wanawake wa siku hizi ni walegevu.

Kisha wakaja watu wa chuo kikuu kuuchunguza ugonjwa huo. Walikuwa watatu. Mmoja daktari wa figo, mzee wa Kihindi mwenye sauti ya chini. Wa pili mhandisi wa mambo ya joto na hewa, kijana mrefu aliyetundika vipimo kwenye mabomba. Wa tatu mama mmoja wa Kizulu, Thandeka, aliyesomea namna watu wanavyoishi makazini. Huyo aliomba kukunja taulo pamoja nasi, akakunja kweli, wiki baada ya wiki.

Nakuambia ukweli, niliwachukia wote watatu. Watu wa kuuliza maswali nimewaona wengi mji huu. Wanakuja na fomu, wanakuonea huruma, wanaondoka. Daktari alichukua mkojo wetu na damu, akasema tunywe maji. Mhandisi alisoma vipimo vyake, akasema joto ni kali, lakini mtu anayekunywa maji ya kutosha angelihimili. Na maji yalikuwepo, dumu kubwa la bluu karibu na mlango. Meneja akafurahi sana. Akatukusanya, akasema kampuni imeweka maji, sasa kama hamnywi nifanye nini, niwashikie kikombe? Shabani akacheka kumridhisha.

Thandeka peke yake ndiye aliyeliangalia dumu. Siku moja tunakunja taulo, akaniuliza kwa Kiingereza cha taratibu, "Dada, mbona hili dumu jioni linakuwa limejaa kama lilivyokuwa asubuhi?"

Shabani alikuwa hatua tano kutoka kwetu. Nikamjibu, "Hatusikii kiu."

Akaniangalia, akaendelea kukunja.

Mama Furaha alinifuata wakati wa chakula. "Dada, juu ya nini unamudanganya ule mama? Haiko mutu mubaya."

"Niache," nikamwambia. "Yeye ataondoka, mimi nitabaki na Shabani."

"Basi tutabaki wote tukiwa bagonjwa," akasema.

Siku ya pili yake, Mama Furaha alianguka. Tulikuwa tunaingiza shuka, nikaona upande wake wa shuka unapinda. Nikadhani ameteleza. Alikuwa amezimia wima, na alipokwenda chini mkono wake wa kushoto ulipita juu ya rola. Nilipiga kitufe chekundu cha kuzima mashine, lakini ngozi ilikuwa imeshashika. Sitakueleza harufu. Shabani alikuja mbio, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Shuka imeharibika?" Muulize kama nimemsingizia.

Hospitali walimfunga mkono, halafu wakapima damu. Figo zilikuwa zimechoka kiasi kwamba daktari wa zamu alimuuliza kama anakunywa pombe. Mlokole yule, hata soda hanywi.

Nilipotoka hospitali nilimkuta Thandeka amekaa kwenye ukuta wa nje. Sikumsalimu. Nilimwambia, "Nilikudanganya. Kiu tunasikia. Hatunywi kwa sababu ukinywa utakojoa."

Nikamweleza yote. Choo cha wanawake kilikuwa na kufuli na ufunguo uko mfukoni mwa Shabani. Ukitaka kwenda unamwomba mbele ya wanaume wanaopakia magari. Anaandika jina lako ubaoni. Jina likiandikwa mara tatu kwa wiki, anakuondoa kwenye zamu. Siku zetu za mwezi alitaka tumwambie kwa mdomo. Wanawake watu wazima, Kaka, wenye wajukuu. Kwa hiyo tulijifunza kutoka nyumbani bila kunywa kitu, tukashinda makoo makavu hadi jioni. Mimi mwenyewe nilikuwa nalowesha ulimi kwa kona ya taulo safi.

Thandeka hakuandika kitu. Akasema, "Tumekaa kiwandani miezi, kila mtu anaangalia chake. Daktari anaangalia damu, mwenzangu anaangalia mabomba, mimi naangalia watu. Hatujawahi kuweka karatasi zetu kwenye meza moja."

"Na Mama Furaha ndiye amelipia," nikamwambia.

"Ndiyo," akasema. Hakujitetea, na hapo ndipo nilipoanza kumsikiliza.

Wakaziweka. Sasa sikiliza walichokiona, maana ndicho ambacho Shabani hakukusimulia. Kulikuwa na wiki mbili ambazo Shabani alikuwa likizo, amekuja huko Tanga, akala pilau kwako. Ufunguo ulibaki umening'inia mlangoni. Vipimo vya mhandisi vilionyesha joto la wiki zile ni lile lile, halikupungua. Daktari akatazama mikojo ya wiki zile, ilikuwa myepesi na safi, kwetu sote. Na Thandeka, katika daftari lake, alikuwa ameandika kwamba wiki zile dumu lilijazwa mara mbili kwa siku, bila kujua maana yake. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, na kipande peke yake hakikusema kitu.

Wakamwita meneja, wakaniomba niwepo. Shabani naye aliitwa. Meneja akauliza kama ni kweli kuhusu ufunguo. Shabani akanigeukia, akaniambia kwa Kiswahili, kwa utulivu kabisa, "Mwanaidi, sisi ni watu wa nyumba moja. Fikiri kabla hujajibu."

Nilikuwa nimeshafikiri. Nikajibu kwa Kiingereza changu hiki kibovu ili wote waelewe. Nilitaja ubao, majina, siku za mwezi, yote. Nilipomaliza, yule daktari mzee alivua miwani, akasema miezi yote ile alikuwa anatuambia tunywe maji, na hata siku moja hakutuuliza choo kiko wapi.

Ndiyo heshima niliyoivunja hiyo.

Sasa kufuli limeondolewa. Mabomba yamevikwa vifuniko vya kuzuia joto ili yasimwage moto juu yetu, na tunapokezana, saa moja kwenye rola, saa moja kwenye kukunja. Watatu wale bado wanakuja, ila siku hizi wanakuja pamoja, wanakula pamoja nasi, wanauliza kabla ya kupima. Mgongo wangu umeacha kuuma. Shabani hakufukuzwa, amehamishiwa kwenye magari. Watu wetu wa hapa La Rochelle wanaosali naye wameacha kuitikia salamu yangu. Kwenye spaza, duka letu la mtaani, juzi mmoja aliniambia nimemchoma ndugu kwa ajili ya Wakongo. Eish, nilimjibu maneno ambayo mama asingependa kuyasikia, hivyo siyaandiki.

Mama Furaha amerudi kazini kushona shuka zilizochanika, ameketi. Mkono umepona, limebaki kovu. Figo hazitarudi zilivyokuwa, daktari amemwambia waziwazi. Nilimwendea nyumbani kwake Hillbrow kumwomba msamaha kwa lile jibu langu la kiu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia, "Nilisha kusamehe. Lakini usisahau." Sijasahau. Kama kuna mtu wa kumwomba radhi duniani, ni yeye, na nimeshamwomba. Shabani sina deni naye. Kunitafutia kazi hakukumpa haki juu ya kibofu changu.

Na wewe, Kaka, nina neno moja tu kwako. Alipokupigia kunishtaki, ulimwamini kabla hujaniuliza. Sisi tumenyonya ziwa moja. Hilo linaniuma kuliko mgongo ulivyowahi kuniuma, na sitajifanya halipo.

Nisalimie Shangazi Bi Mize, mkubwa wetu wa pekee aliyebaki upande wa baba, mwambie dawa ya macho nitaituma na mtu. Nisalimie Wifi Zainabu, mwambie anywe maji na asimwombe mtu ruhusa. Nisalimie mdogo wetu Hamza, aliyenitumia ujumbe kwa siri kuniambia yuko upande wangu. Sasa si siri tena, na ajitetee mwenyewe.

Mama msomee barua hii yote, na sehemu ya choo usiiruke kwa kuona haya. Jumapili ijayo nitampigia yeye mwenyewe, nimuulize Shabani alikuwa na nini mfukoni. Akishindwa kunijibu, nitajua msomaji aliruka wapi.

Ndugu yako wa tumbo moja, bado mwenye hasira,
Mwanaidi