Shuka la Viraka la Saada

Jumatatu, 2 Septemba
Nimemaliza kushona bitana. Kidole gumba kimevimba kwa sindano. Miezi minane, na shuka la viraka la Saada limekwisha. Viraka vyote ni kanga za marehemu dada yangu, mama yake. Majina ya kanga nimeyakata kama kawaida yangu, maneno yakikatika katikati yanachafua kazi. Mabaki yako kwenye boksi. Saada hajui lolote. Nataka alione siku ya harusi yake.

Jirani kaniuliza kwa nini silishonei lebo yenye jina langu. Nikamjibu chema chajiuza. Mambo ya kujitangaza siyawezi.

Ijumaa, 6 Septemba
Rukia, shangazi yake Saada, kapita hapa Mkuza kulichukua. Shughuli ni kwao Kisarawe, kesho. Nimelikunja mwenyewe.

Jumapili, 8 Septemba
Sina hamu ya kuandika. Naandika.

Jana vyombo vya bibi harusi vilitolewa kimoja kimoja. Shuka likatandazwa. Vigelegele. Msemaji akatangaza kwamba hiyo ni kazi ya mikono ya shangazi mtu. Rukia akainamisha kichwa, akatabasamu. Hakukana. Wanawake wakamfunga kanga mpya kiunoni kumpongeza.

Saada alinikumbatia baadaye, machozi yanamtoka.

"Mama mdogo, umeona shangazi alivyojitesa kwa ajili yangu?"

Ningesema pale ningeharibu shughuli ya mtoto wa dada yangu. Nikala pilau. Chema chajiuza! Kimejiuza kweli, kwa jina la Rukia.

Jumanne, 10 Septemba
Nimempigia Rukia. Hakubisha hata kidogo. Eti watu walidhani wenyewe, yeye hakutamka neno. Kisha akaniuliza, taratibu kabisa:

"Kwani jina lako uliliandika wapi, dada?"

Nikakata simu. Namchukia. Nachukia zaidi kwamba lebo niliikataa mwenyewe.

Jumamosi, 14 Septemba
Nimekwenda Kisarawe kwa mama mkubwa, dada yake mama, kumshtaki Rukia. Nikabeba na shuka la viraka la kitandani kwangu, lile nililoachiwa na bibi mzaa mama, liwe ushahidi kwamba kushona kwetu ni urithi. Miaka yote nimewaambia watu hivyo.

Mama mkubwa akageuza pindo, akacheka. Bibi yenu hakuweza kushona hata kifungo, alisema. Lilishonwa na mwanamke aliyepanga chumba cha nyuma, akamwachia bibi alipohama.

Nikauliza jina lake.

"Tulikuwa tunamwita mpangaji tu, mwanangu."

Nimerudi bila kumshtaki mtu.

Jumapili, 15 Septemba
Asubuhi nilifungua boksi la mabaki. Nikapata jina la kanga moja ya dada: Wema hauozi. Chini yake nimetarizi jina la dada, jina langu, Mkuza, na mwaka. Kisha nikampigia Saada, nikamwambia nani alishona na kanga ni za nani. Akauliza kama zile za njano ndizo mama yake alizopenda kujifunga. Nikasema ndizo. Atakuja wiki ijayo na shuka, tuishone lebo pamoja.

La kitandani kwangu nalo nimelishonea lebo, kipande cheupe, pembeni. Nilikaa nacho na uzi mkononi. Sikuwa na jina la kuandika. Nimekiacha hivyo hivyo.