Muzungu wangu amehamia upande wa bakwe

Tantine Hortense, jambo sana, na jambo kwa wote wanaosoma ukurasa wako. Nakuomba msaada na usikawie kunijibu, maana leo ni Jumatatu, na Jumamosi ya juma lijalo, saa nane ya mchana, bakwe, ukoo wa mchumba, wanaingia kwangu kujadili mali ya ndoa ya binti yangu Abigaïl, na mtu atakayesimama mbele yangu kunikata bei ni mupangaji wangu mwenyewe, muzungu, Muamerika, anayelala hatua kumi na nne kutoka mlango wa jiko langu.

Mimi ni mjane wa hapa Hewa Bora. Nilianza na beseni moja ya ndakala, samaki wadogo wakavu, sokoni, nikanunua viti sita vya plastiki, nikaanza kuvikodisha kwenye vilio na ndoa, na leo nina viti mia tatu na kumi na mahema mawili, na hakuna mtu aliyenishika mkono. Nyuma ya nyumba nikajenga annexe, kijumba cha kupangisha cha vyumba viwili, na miaka miwili iliyopita akaingia humo huyu Tyler, anayefanya kazi na wakulima wa mahindi kule Lukafu. Jumatatu anaenda, Alhamisi anarudi, na anayemwendesha ni Plamedi, kijana wa Katuba. Huyo Plamedi njo mukwe mwenyewe, ndiye anayetaka kuoa, maana kwa kuja kupiga honi mlangoni kila wiki alimwona binti yangu, na siku hizi ile honi moja inachukua saa nzima.

Tantine, nimemvumilia sana huyu muzungu. Wiki ya kwanza alitoka saa kumi na moja na nusu alfajiri na kaputula yake, akaanza kukimbia barabarani, mzee Lombe mlinzi wa jirani akamfuata na panga avenue tatu nzima akipiga kelele "Mwizi! Mumukamate!", kumbe hakuna kilichoibwa na hakuna kinachomfukuza, anakimbia bure tu, anarudi na jasho, kesho tena. Anatembea na chupa ya maji kama lori lenye radiata mbovu, hata Misa anaingia nayo. Chupi zake anafua mwenyewe na kuzianika upande wa barabara, saba kwenye kamba moja, kila moja na rangi yake, na wateja wangu wa viti wanazihesabu wakingoja zamu. Ukimwalika saa nane anafika saa nane: siku ya komunyo ya mtoto wa jirani alikuta mama mwenye karamu bado anaoga, akapewa kisu amenye viazi. Hayo yote nimeyameza.

Na sikumwacha gizani, nilimfundisha maisha. Mwezi wa kwanza bamama wa soko walikuwa wanamuuzia nyanya bei mara nne, roho ikaniuma, maana bei ya muzungu nilikuwa nimeshamwekea mimi: annexe ambayo kwa mtu mwingine ni dola mia mbili, yeye mia tatu na hamsini, mkate nikimletea naongeza nusu, na akila kwangu sahani ya bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo ni dola tano. Sikuona sababu aibiwe na watu wengi wakati mmoja anatosha. Nikampeleka sokoni nikamwambia: bei ikitajwa, kwanza cheka. Pili, shika kitu kingine kana kwamba hicho ndicho ulichokuja kutafuta. Tatu, taja mgonjwa nyumbani. Nne, geuka uondoke, pole pole, hatua tisa. Ya kumi usifike, maana muuzaji ataamini umekwenda kweli. Kwenye ya tisa watakuita.

Alijifunza kupita kiasi. Mwaka jana alikuja kwa neno la kodi: akacheka, akashika bati la ukuta akalipapasa kama daktari, akataja bibi yake mgonjwa kule Nebraska, akageuka. Nilizihesabu hatua zake, Tantine, nilijua anachofanya, mimi ndiye niliyemfundisha, na kwenye ya tisa mdomo wangu ukamwita wenyewe. Sasa analipa mia mbili na themanini.

Tuje kwenye mali. Kikao cha kwanza tulitoa liste, na ni liste ya kawaida: mbuzi sita, kostimi na viatu vya kaka yangu Séverin kwa sababu yeye anasimama kama baba, bitenge sita vyangu, blanketi la nyanya wa binti, sufuria, mfuko wa chumvi, dola elfu mbili na mia tano, na frigo moja ya lita mia tatu. Kijana anaendesha gari la Waamerika, lita mia tatu kwake ni nini? Jana barua ya bakwe ikafika. Siku wamekubali, na msemaji wao atakuwa "mutoto yetu Tyler". Nilivuka lupango, ua wetu, na ile barua mkononi. Nikamkuta kwenye ngazi anakula karanga za kusaga kwa kijiko, peke yake bila mkate, kama mtoto anayetoka kwenye homa.

"Tyler, ni nini hii? Weye unalala kwangu, na utaenda kunisema mubaya mbele ya bantu?"

"Mubaya hapana, Mama Bailleresse." Ndivyo anavyoniita, mama mwenye nyumba. "Nitasema tu bintu ya Mama Germaine. Yeye alinipatia kiti."

Mama Germaine ni mama yake Plamedi, anauza kikanda, ile keki ya mizizi ya porini na karanga, kule Katuba, na kila Alhamisi wakitoka Lukafu wanapita kwake kula.

"Kiti? Miye niko na viti mia tatu na kumi!"

"Ndiyo, Mama. Ya kukodisha."

"Na frigo? Juu ya frigo utasema nini?"

Tantine, alicheka. Alianza na kucheka!

Na si hilo tu. Jioni nilisikia sauti nyuma ya annexe, kumbe ni Abigaïl anamfundisha. "Hapana, Tyler, habasemake vile. Sema: tulipita, tukaona maua moya mu lupango yenu." Muzungu anarudia hayo maneno ya posa, wanacheka wote wawili. Mtoto niliyemzaa anamnolea adui panga! Na huyo adui anajua mambo yetu yote: kwamba Abigaïl ana miaka ishirini na tisa na mimi nimewaambia bakwe ishirini na tano, kwamba bukari yake inatoka na mabonge, kwamba televisheni ya salon naiazima kwa jirani kila siku ya kikao. Na Waamerika, ukiwauliza kitu, wanajibu.

Nimefikiria njia tatu. Kumfukuza, lakini amelipa hadi Desemba na kurudisha dola sitaki. Kuhamisha kikao hadi Jumanne wakati yuko Lukafu, lakini Plamedi naye anakuwa huko kwenye usukani. Au kusema wazi mbele ya wazee kwamba muzungu hawezi kusemea ukoo usio wake. Niambie ipi ina faida.

Mama wa viti, Hewa Bora.

TANTINE HORTENSE ANAJIBU

Mama wa viti, pole. Fimbo uliyoichonga mwenyewe inauma mara mbili, na naona bado unajipapasa. Sasa chagua kimoja katika hivyo mia tatu na kumi, ukae, unisikilize.

Nianze na frigo, maana imeninyima usingizi. Chumvi naijua. Blanketi la nyanya nalijua. Mbuzi hata mtoto wa shule anawajua. Lakini ni babu gani wa ukoo wenu aliyewahi kudai frigo? Wewe unataka kukodisha vinywaji baridi pamoja na viti, na unataka mukwe ndiye akufungulie hiyo biashara. Ifute leo. Muzungu akiicheka mbele ya watu, watacheka wote, na kaka yako Séverin wa kwanza.

Kumfukuza, hapana. Umekula kodi yake hadi Desemba, sasa mwache alale. Kuhamisha siku, umejijibu mwenyewe. Hiyo njia ya tatu ndiyo nzuri, na ndiyo uliyoiharibu. Unapenda hesabu, basi tuhesabu. Mama Germaine anauza kikanda, hana mahema mawili. Kila Alhamisi kwa miaka miwili amemwekea huyo mgeni kiti na sahani. Ondoa siku alipougua na barabara ilipokatika na mvua, bado zinabaki sahani themanini, na bei yake sifuri. Wewe pia ulimpikia, na kila sahani alilipa dola tano. Kwetu, mtu anayekula chungu kimoja nanyi hawezi kukaa upande wa pili akawakata bei. Ungemzuia kwa neno hilo moja na wazee wote wangetikisa kichwa pamoja nawe. Lakini aliyelipia sahani yake ni mteja, na mteja huwezi kumuuliza kwa nini leo ameingia duka la pili. Hiyo haki ulikuwa nayo, Mama. Uliiuza dola tano tano.

Miaka ishirini na tano nayo iache. Kijana anasimama na binti yako mlangoni saa nzima kila wiki. Unafikiri wanazungumza bei ya viti? Umri anaujua, mabonge ya bukari anayajua, na honi bado anapiga.

Sasa neno ambalo hukuniuliza. Barua yako imehesabu viti, hatua, lita, hata chupi za mwanaume wa watu. Jina la Abigaïl umeliandika mara tatu: moja karibu na mali, moja karibu na panga, moja karibu na umri wa uongo. Hakuna mahali umeandika anataka nini. Lakini yeye amekuambia, ulikuwa umesimama nyuma ya annexe ukisikiliza! Binti anayemfundisha msemaji wa bakwe neno la maua anataka msemaji huyo ashinde. Ana miaka ishirini na tisa na miguu miwili yenye nguvu. Umfungie mlango wa wazee kwa sababu ya frigo, atapita mlango mwingine, bila mbuzi, bila chumvi, bila kuaga. Utabaki na viti mia tatu na kumi, na hakuna atakayekuja kuvikalia.

Basi fanya hivi. Leo hii ukae na Séverin, mkubaliane mtashuka hadi wapi, na Jumamosi aseme yeye, wewe ufunge mdomo, najua itakuwa kazi. Televisheni irudi kwa mwenyewe, ukuta ukibaki mtupu utabaki mtupu. Ijumaa pika bukari na sombe, umwite Tyler ale mezani pamoja nanyi, si kwenye ngazi. Akitia mkono mfukoni, ushike huo mkono. Sikuambii umhonge. Sahani moja haifuti themanini, na kesho yake atasema ya Mama Germaine, ni haki yake. Na kwa kuwa wewe ni mwalimu wake, mfundishe somo la tano: suruali iwe ndefu, kwetu hakuna binti anayeombwa na magoti ya mtu. Chupa ibaki nje. Kamba ianuliwe kabla ya saa nane, zote saba, na kumbuka kwamba yeye akiambiwa saa nane atafika saa nane, hivyo uwe umeshaoga.

Watafika mahali watakwama. Muzungu atacheka, atashika bati, bibi wa Nebraska ataugua tena, kisha atageuka na bakwe wote nyuma yake. Hesabu hatua, na safari hii usione aibu mdomo ukikutoka. Kwenye ya tisa, ita. Ila usimwite Tyler, na usiite bei. Mwite Plamedi, umwite "mukwe", kwa sauti ambayo Abigaïl ataisikia huko jikoni. Muamerika atarudi mwenyewe. Atakuwa ameshajua sahani yake iko wapi.