Usukani uliokuwa unagonga

Mpemba, Jumanne

Leo ndiyo nimelipeleka gari kwa fundi. Alilala chini yake, akawa anashika vyuma kimoja kimoja huku mimi nikizungusha usukani kulia na kushoto, mpaka kilicholegea kikamgonga kiganjani.

"Bushi imekwisha, mzee, hiki kipira cha kwenye usukani. Hii inapiga kelele tu, haiangushi gari. Ungefika nalo hata Mbeya."

Akabadilisha kabla chai yangu haijapoa.

Mwezi uliopita, jioni ile mke wangu alipozidiwa, nilisema usukani unagonga, tusimjaribu Mungu, tungoje basi la asubuhi twende hospitali Vwawa. Akaitikia, "Sawa, baba Neema. Gari unalijua wewe."

Asubuhi hakuifikia.

Ee Bwana, nililitaja jina lako, kumbe nilikuwa naogopa tu.