Tumbo la Nondo wa Kijani

Jumatatu, 3 Machi

Nondo wa kijani amekatika tumbo. Tena! Ni wa ile jamii ya wapimaji, ambao viwavi wao hutembea wakijikunja na kujinyoosha, kama fundi anayepima kitambaa kwa shubiri. Nilifungua droo la nondo waliokaushwa kwa upole wa mkunga, bado tumbo likadondoka. Na mle ndani yalikuwa yamelala matumbo mawili yasiyo na wenyewe. Nikachagua moja. Tone la gundi, kazi kwisha. Mwaka wa kumi na moja hapa makumbusho, na barua yangu bado inasema "msaidizi wa muda". Muda upi, sijui.

Jumatano, 12 Machi

Profesa, bosi wangu, amegundua nondo mpya. Mabawa ya kijani kama wale wa kawaida, anasema, ila tumbo la manjano lenye manyoya — halijapata kuonekana duniani! Kweli halijapata. Nimemuumba mimi, Jumatatu ya wiki iliyopita.

Nilitaka kusema. Lakini wakubwa walishatishia kufunga idara yetu tusipopata jipya, na leo Profesa alikuwa anacheka hadi na mlinzi. Nikameza.

Alhamisi, 20 Machi

Makala ya Profesa kuhusu nondo imetumwa jaridani. Nondo kapewa jina langu, limeshonewa mkia wa Kilatini! Eti kwa heshima ya mikono yangu mahiri. Mahiri kweli, maana hakuna aliyeona kiungo.

Dada kamwambia mama. Mama kapiga simu analia, anasema laiti baba angekuwepo. Mtaa mzima unajua mwanawe ana mdudu wake. Nami nikalia, na haikuwa furaha.

Jumatatu, 31 Machi

Ijumaa anakuja mgeni, bingwa wa nondo. Mabingwa hawaamini mabawa, wanataka kuona sehemu za siri, eti ndizo zinazotambulisha aina ya nondo. Heshima iko wapi? Wanachomoa tumbo, wanaliloweka, wanapasua. Na gundi yangu huyeyuka majini.

Siku za mwizi ni arobaini. Zangu, Ijumaa, zitakuwa thelathini na tatu. Hata hapo nimepunjwa.

Ijumaa, 4 Aprili

Naandika chooni.

Asubuhi nilimwambia Profesa yote. Nilijiandaa kutukanwa. Hakupepesa hata kope. Alifunga mlango, akasema taratibu kwamba gundi aliiona siku ile ile ya kwanza, kwenye lenzi.

Nikamuuliza kwa nini basi aliandika makala.

"Asipouliza mtu, idara imepona," akasema. "Akiuliza — kwani unadhani kwa nini sikumpa jina langu?"

Mgeni kafika. Bakuli la maji liko mezani. Amesema, kwa tabasamu zuri tu, kwamba tumbo nilichomoe mimi, mwenye nondo. Mama kapiga mara mbili, anataka kujua kama mgeni amempenda nondo wetu.

Profesa anagonga mlango. Kwa adabu kabisa. Anasema nisimcheleweshe mgeni.