Mshumaa Ulikuwa Unawaka

KITUO CHA POLISI CHA WILAYA, BONDE LA MOSEL
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Hiltrud Mertlich (mjane)
Umri: miaka 63
Kazi: mpishi, shamba la mizabibu la familia ya Mertlich
Makazi: nyumba ya pili kutoka kanisani, kijiji cha Wehlbach
Yamechukuliwa na: Mkaguzi Nadja Weirich
Tarehe: 15 Oktoba 2019, saa tisa alasiri

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeelezwa kwamba nimeitwa kuhusu kifo cha shemeji yangu Ewald Mertlich, na kwamba binti yake Verena amelalamika hapa kituoni kuwa nilimzuia kumwokoa baba yake. Afisa ameniomba niseme polepole. Sijazoea kusema polepole, lakini nitajaribu.

Marehemu Ewald ni mdogo wa marehemu mume wangu, Gisbert. Kila Oktoba tunatundika shada la matawi mlangoni, watu wajue kwamba nyumba ina divai na chakula, na wanakaa uani kwetu kula na kunywa. Divai ni ya Ewald, jiko ni langu. Tumegombana miaka yote kuhusu kipi kiliwe na kipi, na wageni wengine nadhani walikuja kwa ajili ya ugomvi huo tu.

Mnamo tarehe 12 Oktoba, siku ya Jumamosi, tulifungua saa sita mchana. Wageni walikuwa kama thelathini. Nilianza kwa samaki wa mtoni wa kukaanga kwa siagi, na Ewald akamimina divai kavu ya mteremko wa juu. Mgeni mmoja kutoka Köln akataka divai tamu na samaki. Nikamwambia, "Baba, samaki huyu kishakufa mara moja, usimuue tena." Watu wakacheka, naye akacheka, akanywa ile kavu.

Kisha nikatoa viazi vya kuoka na nyama ya moshi, na rojo la tufaha pembeni. Hicho kinakwenda na divai yenye utamu kidogo, maana mafuta ya nyama yanataka kitu cha kuyakata. Ewald akaonja akaniita mbele ya watu, "Shemeji, chumvi yote hii! Unataka waninywee ghala zima?" Nikamjibu, "Ndiyo biashara yenyewe, mimina unyamaze." Siku ilikuwa nzuri. Nasema hivyo kwa sababu kweli ilikuwa nzuri.

Ghala la divai liko chini ya nyumba, na mlango wake unafungukia uani. Mwezi huu mapipa yanachachuka, na divai ikichachuka inatoa gesi. Huioni. Ni nzito kuliko hewa, inatua sakafuni na kukaa huko. Kwa hiyo kuna feni inayoivuta nje kwa bomba, na feni hiyo ina kelele kama trekta. Mnamo saa nane kasoro robo Ewald alisimama kuwaeleza wageni habari za mavuno, wakawa hawamsikii. Mtu mmoja akamwambia azime feni kidogo. Ewald akaenda mlangoni pa ghala, akabonyeza kitufe. Nilimwona kwa macho yangu.

Nikamwambia, "Usisahau kuiwasha." Akanijibu kwa sauti, wageni wote wakasikia, "Wewe na hiyo feni yako, mngefunga ndoa kabisa!" Walicheka. Mimi sikucheka, nikarudi jikoni.

Akaongea karibu nusu saa. Ewald akishaanza habari za mavuno, nani wa kumnyamazisha? Feni hakuiwasha.

Saa nane na robo hivi nilipeleka mezani jibini ya ukungu wa bluu na jozi. Jibini hiyo ni kali, ina chumvi, na haikubali divai nyingine ila ile tamu ya zabibu zilizochelewa kuchumwa. Chupa za divai hiyo zinalala kwenye rafu ya chini kabisa, mwisho wa ghala, na asubuhi Ewald alisahau kuzipandisha. Mgeni wa Köln akasema, "Mama, hii nayo niile na nini?" Ewald akapiga mkono mezani: "Usiiguse! Jibini hiyo na divai kavu ni dhambi. Nakuja." Akachukua mshumaa.

Lazima niseme habari ya mshumaa, maana lawama yote imesimama hapo. Kwetu hakuna anayeingia ghalani Oktoba bila mshumaa. Ukizimika, unatoka mbio. Ukiwaka, unaendelea na kazi. Tumefundishwa hivyo tangu utotoni, na Verena amefundishwa hivyo na baba yake. Katikati ya ghala kuna kinara cha chuma cha kuuwekea. Kinara hicho kinanifikia kifuani.

Ewald hakurudi. Nilikuwa nakata mkate, nikamwona Verena anaelekea mlangoni pa ghala akiita, "Baba, umeamua kuzinywa mwenyewe huko?" Hapo ndipo nilipogundua kwamba uani hakuna kelele ya feni. Nilitupa kisu nikamfuata.

Ukisimama ngazi za juu unaliona ghala lote. Mshumaa ulikuwa kwenye kinara, unawaka vizuri, moto wake umesimama wima. Ewald alikuwa amelala kifudifudi mbele ya rafu ya chini, na chupa iko kando yake, nzima. Verena alipiga ukelele akaanza kushuka. Nilimkamata ngazi ya tatu, mkono mmoja kwenye kamba za aproni yake na mwingine kwenye mkono wake, nikakaa chini na uzito wangu wote.

Alisema, "Niache, mama mkubwa! Baba yule!"

Nikasema, "Sikuachi."

"Mshumaa unawaka! Huuoni?"

"Nauona."

"Sasa unanishikia nini? Unataka afe? Wewe mchawi nini?"

Alinipiga usoni, akaniuma begani. Nilipiga kelele wageni waite zimamoto na wawashe feni. Yule mgeni wa Köln ndiye aliyekimbilia kitufe. Lakini feni ile inahitaji muda mrefu kusafisha ghala, hilo kila mtu wa nyumba ile analijua. Tulikaa hivyo ngazini, yeye ananipiga, mimi nimeshika, na baba yake yuko mbele yetu, hatua chache tu. Sijawahi kukaa mahali pabaya kama pale.

Zimamoto wa kijiji walifika na mitungi ya hewa mgongoni. Aliyetangulia aliuchukua mshumaa kwenye kinara, akainama nao kumwangalia Ewald. Ulipofika usawa wa magoti yake ulizimika. Mimi niliona. Verena wakati huo alikuwa ameficha uso wake kwenye ukuta. Walimpandisha Ewald uani, daktari akajaribu, kisha akaacha.

Nimeulizwa kwa nini nilimzuia Verena ilhali niliona mshumaa unawaka. Ni kwa sababu mume wangu Gisbert alikufa katika ghala lile lile, Oktoba ya mwaka 1998. Aliinama kuokota mpira wa maji. Na mshumaa wake pia ulikuwa unawaka, juu ya kinara kile kile. Daktari wa wakati ule aliandika moyo, na Ewald akashikilia hivyo hivyo, moyo, moyo, mpaka juzi. Mimi nilimwambia: mshumaa uko kifuani na chupa ziko sakafuni, mtu akiinama anauacha mshumaa juu, anakwenda peke yake. Aliniona mjane anayetafuta wa kumlaumu. Feni ile ilinunuliwa kwa sababu niligoma kupika hadi inunuliwe. Ndiyo maana aliiita feni yangu.

Verena nimemlea mimi tangu mama yake alipoondoka nyumbani. Jana tulikutana mbele ya kanisa, akanipita bila salamu. Imeniuma, sitaficha. Afisa amenionyesha picha ya mkono wake wenye alama za kucha. Ni kucha zangu. Akinichukia akiwa mzima nitavumilia, na kesho ikitokea tena nitamshika tena. Andika hivyo hivyo, usipunguze neno.

Nimeulizwa mara mbili ni nani aliyemwambia Ewald azime feni. Uani kulikuwa na watu thelathini na divai mezani. Aliyebonyeza kitufe ni Ewald mwenyewe. Kwa swali hilo sina jibu jingine, hata nikiulizwa mara ya tatu.

Haya ndiyo maelezo yangu. Nimesomewa, nimeyasikia, na ndivyo nilivyosema.

Sahihi: H. Mertlich

Maelezo ya afisa: Shahidi aliondoka saa kumi na nusu kwenda kusubiri basi la kurudi kijijini. Mlalamikaji, Verena Mertlich, miaka 29, aliingia baada yake. Nilimsomea taarifa ya zimamoto kwamba gesi ilikuwa imejaa kuanzia sakafuni hadi magotini. Akasema: "Basi ni mimi. Mimi ndiye niliyemwambia baba azime feni. Mama mkubwa alikuwa amesimama ubavuni kwangu na sahani mkononi." Akauliza kama shahidi ameliandikisha hilo. Nilimjibu kuwa halimo katika maelezo yake. Ameomba malalamiko yake yafutwe na hili lake liandikwe. Nilipofunga ofisi saa kumi na mbili niliwakuta wote wawili kwenye benchi la kituo cha basi. Gari la Verena lilikuwa bado limeegeshwa mbele ya mlango wetu.

N. Weirich, Mkaguzi